Siku Lori la Odeke Lilipochemka Busia

Asekenye wa Adungosi aliweza kulitambua lori la kaka yake kwa sauti tu, hata kabla halijatokeza penye kona. Kwa miaka mingi alinunua samaki Port Victoria na kuwauza Malaba, kwa madereva wa trela wanaongoja kuvuka na kwa akina mama wa vibandani wanaowapikia madereva hao. Safari zote hizo alizisafiri kwenye kiti cha pembeni cha lori hilo, mabeseni yake yamefunikwa magunia huko nyuma. Lilikuwa lori la zamani, la pua ndefu, buluu yake imepauka kwa jua, na juu ya kioo cha mbele Odeke alikuwa ameandikisha neno moja la Kiteso: Eyalama. Yaani asante. Watu wakimuuliza anamshukuru nani, alisema anayeuliza hivyo hajawahi kuteremka mlima na breki mbovu akafika salama.

Odeke hakuwa na taniboi wa kudumu. Lori likikwama njiani, dada yake ndiye aliyeshuka kumshikia spana na kumchotea maji, huku akiambiwa gusa hapa, sikiliza pale, nusa hiki. Asekenye hakujifunza ufundi kwa kuutaka. Alijifunza kwa sababu samaki wa mabeseni wangeoza akikaa kivulini kumngoja kaka amalize peke yake.

Odeke alipofariki, wakati wa Kwaresima, lori lilisukumwa nyuma ya nyumba na kufunikwa turubai, kuku wakapata pa kutagia. Asekenye hakuligusa. Akipita karibu nalo alijipiga ishara ya msalaba, kama apitavyo mtu kaburini, na kaburi lenyewe halikuwa mbali na hapo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo marehemu aliliacha katikati. Mwanawe Opio alikuwa amemposa Nerima, binti wa Mzee Wandera wa upande wa Port Victoria. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa na siku ikawekwa. Wazee wa ukoo wa Wandera walikusanyika, na badala ya ng'ombe ikafika habari ya msiba. Wandera alihuzunika nao, akaja hata mazishini. Siku ya pili ilipowekwa, serikali ikafunga masoko na njia za mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, na wazee wakarudi makwao wamekula ugali wa bure. Sasa Wandera alikuwa ametuma neno. Wazee wangekaa Jumamosi hii kwa mara ya mwisho, na ng'ombe walipaswa kufika jua likiwa bado juu, ili kila mtu aone rangi na pembe zao kwa macho yake. Wakichelewa, mazungumzo yote yangeanza upya. Na kule nyumbani kwa Wandera kulikuwa na mashangazi ambao tangu mwanzo hawakupenda binti yao aolewe mbali, huko kwa Wateso. Wao walikuwa wakiomba mvua kubwa inyeshe njiani.

Hospitalini, sauti yake ikiwa imebaki kama ya mtu anayeongea na mto wa kulalia, Odeke alimwambia dada yake, "Wewe ndiye utafikisha hao ng'ombe. Na lori letu." Alisema letu. Asekenye alilichukua neno hilo akalihifadhi kama mtu anavyohifadhi rozari ya mama yake.

Kwa hiyo turubai lilivutwa, kuku wakafukuzwa, na lori likavutwa hadi Malaba kwa Wabwire, fundi mwenye banda karibu na foleni ya trela. Wabwire alikuwa kijana mnene mwenye kicheko kikubwa, na kila mtu Malaba alimjua. Aliweka betri nyingine, akabadilisha oili, akatengeneza breki, akazibua kila kilichoziba. Alipolirudisha Adungosi alilipiga lori kofi begani, kama mtu anavyompiga kofi ng'ombe aliyemnenepesha mwenyewe, akasema amelifanyia mpaka mambo ambayo hakuambiwa. Yeye pia ndiye angeliendesha.

Asubuhi ya Jumamosi nyumba ya Odeke ilijaa watu. Katekista alisoma sala, akanyunyiza maji ya baraka kwenye pembe za ng'ombe na kwenye pua ya lori. Mzee Ochom, binamu mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alisimama na fimbo yake akawakumbusha watu jinsi mambo yao yanavyofanywa: ng'ombe wa mahari akishabarikiwa na kupandishwa, miguu yake haigusi tena ardhi yoyote mpaka iguse uwanja wa wakwe. Hashushwi njiani kunywa maji, hahamishwi lori lingine. Akishushwa, ameshaolewa na barabara. Vijana walicheka, lakini Ochom hakucheka.

Kisha vijana wale wale walikata matawi ya mikalitusi na kuyafunga mbele ya lori, tele, mpaka pua yote ikawa kichaka, taa zikichungulia humo kama macho ya paka. Hivyo ndivyo lori la furaha linavyopambwa, na Asekenye hakuona ubaya. Ochom alipanda nyuma pamoja na ng'ombe; Asekenye alipopanda kiti chake cha pembeni alishika mlango kwa muda kabla ya kuufunga. Mahali pa dereva palikuwa na Wabwire, na Wabwire alikijaza kiti chote, jambo ambalo Odeke hakuwahi kulifanya. Akina mama walipiga vigelegele. Injini ilinguruma, sauti ile ile, na moyo wa Asekenye uliruka kama wa msichana.

Hawakufika mbali. Kabla ya Alupe aliona mshale wa joto umesimama mahali asipopapenda. Alimwambia Wabwire, naye akamjibu kuwa ni mizigo, ng'ombe si mkate. Baada ya kona nyingine mshale ulikuwa umepanda tena. Asekenye akaamuru lori lisimame. Alishuka, akaenda mbele, akaingiza mkono katika yale matawi na kuutoa upesi, maana nyuma yake radieta ilipumua moto.

Aliwaita Ochom na Wabwire wakaangalie wenyewe. Matawi yalikuwa yameziba kila mwanya wa upepo. Ochom alipinga kidogo, akisema lori la mahari lisilo na majani litaonekana kama linapeleka ng'ombe machinjioni, lakini Asekenye alikuwa tayari na panga mkononi. Aliacha tawi moja tu kila upande wa kioo. Mengine yaliruka hadi shambani kwa watu.

Waliondoka, na upepo ukaingia puani mwa lori. Mshale ukashuka. Asekenye aliimba. Aliimba wimbo wa Ekaristi kwa Kiteso mpaka Wabwire, ambaye hakujua neno hata moja, akaitikia sauti ya chini, na huko nyuma Ochom akagonga mabati kwa fimbo. Jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Asekenye aliona uwanja wa Wandera mbele yake kabisa, akaona wazee wanasimama, akaona mashangazi wamekunja midomo.

Busia ndiyo iliyowaharibia wimbo. Foleni ya trela za kuelekea mpakani ilikuwa imefurika mpaka barabara yao, na walisogea kama mtu anayehesabu hatua. Mshale ulipanda bila aibu ukaingia penye wekundu. Mvuke ukatoka kwanza kidogo, kama wa birika, kisha ukatoka wote. Wabwire alikunja usukani wakaingia uwanja wa malori, injini ikazimwa, na Eyalama likakaa kimya ndani ya wingu lake.

Busia haina haya ya kutazama. Waendesha boda boda walifika kabla mvuke haujaisha, wakafuatwa na mawakala wa forodha na vijana wa kubadilisha pesa ambao hawakuwa na wateja. Dereva mmoja wa Uganda, mwenye singlendi na kikombe cha chai, aliizunguka pua ya lori polepole.

"Nyabo," akamwita Asekenye kwa Kiganda, yaani mama, "hii mnatoa kwa makumbusho ama ndio mnapeleka?"

"Tunapeleka," Asekenye alisema bila kugeuka. "Wakasema wanataka na dereva wa zamani wa kuweka ndani. Uko na nafasi leo, ssebo?"

Watu walicheka, na Mganda mwenyewe akacheka kuliko wote, akaweka kikombe chini na kukunja suruali. Tangu hapo alikuwa mtu wao.

Lakini fundi mmoja wa uwanja ule alikuwa ameshatoa hukumu. Alisema, kwa uso wa daktari anayetoka chumba cha upasuaji, kwamba gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike kwenye kichwa cha injini, imeungua. Asekenye alijua maana yake. Gasketi ikiwa imeungua, injini inafunguliwa, hedi inapelekwa kwa mashine kusawazishwa, na hakuna Jumamosi inayotosha kazi hiyo. Ochom, aliyekuwa amesimama juu kati ya ng'ombe, aliuliza kutoka huko huko kama kuna habari. Asekenye alimwambia Mungu kimoyomoyo, bila maneno ya kitabu, isiwe hedi, Baba, kitu chochote kingine, lakini isiwe hedi.

Kisha akafanya kile alichomwona kaka yake akifanya kila mara mtu mwingine alipotangaza kifo cha lori lake: alikataa kuzika kabla ya kupima. Alivuta kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakichovya na kukivuta tena. Aliinua kijiti juani. Maji yakiingia kwenye oili, oili hugeuka kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, safi, inateleza. Joto lilipopungua, Wabwire alifunika kifuniko cha radieta kwa gunia bichi akakilegeza polepole, mvuke ukatoka ukilalamika, kisha wakajaza maji na kuwasha injini kidogo. Asekenye aliinama akachungulia mdomo wa radieta kama anayetazama kisima. Gasketi ikiwa imeungua, mapovu hutoka bila kukoma. Alisubiri. Maji yalitetemeka tu.

"Hakuna mapovu," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi ili Ochom asikie kule juu. "Hedi ni nzima, mzee. Hedi iko sawa."

Fundi wa uwanja alisema basi ni fanibelti. Mganda aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukakataa kubonyea kupita kiasi. Basi radieta imeziba, fundi akasema, na hapo hata Asekenye alikubali inawezekana, maana lori lililala kwa kuku muda mrefu. Alipitisha kiganja karibu na radieta, juu mpaka chini. Juu palikuwa pa moto. Katikati palikuwa pa uvuguvugu. Chini palikuwa baridi kabisa, baridi kama ukuta wa kanisa asubuhi, na injini nyuma yake ilikuwa inachemka.

Alimshika Wabwire mkono akamwekea kiganja hapo chini. Wabwire naye alishangaa. Walifungua paipu ya chini, wakamwaga jerikani nzima ya maji juu, na watu wakaruka nyuma, kwa kuwa maji yaliteremka kwa kishindo na kulowesha viatu vya wakala mmoja wa forodha aliyevaa vizuri kuliko wote. Radieta haikuwa imeziba. Ilikuwa wazi kama mlango wa soko.

Wakati huo ndipo Ochom alipopiga kelele. Ng'ombe mweupe, yule mkubwa ambaye Odeke mwenyewe alimchagua akiwa bado ndama, alikuwa amelala chini. Jua la uwanja ule halikuwa na mchezo, na ng'ombe akilala ndani ya lori wenzake humkanyaga. Mtu mmoja alisema ashushwe apumue. Ochom alisimama mlangoni kwa mapana yake yote. Hashuki. Kama ni kufa atafia hewani.

Asekenye aliwageukia waendesha boda boda. Hakuwabembeleza, aliwaambia tu kwamba huyu ni ng'ombe wa kumleta bibi harusi, na kama kuna mwanamume hapa ambaye hajawahi kutoa mahari na ana hofu ya wakwe, aje ajifunze leo. Wakapanda, kundi zima, wakicheka na kutukanana. Wengine walishika mkia, wengine wakaingiza mabega chini ya tumbo, mmoja akashika pembe na kuanza kumbembeleza ng'ombe kwa Kisamia kama mpenzi aliyenuna. Walimwagia maji kichwani. Mweupe alivuta pumzi, akajitikisa, akasimama, na miguu yake haikuondoka kwenye mbao za lori. Uwanja wote ulipiga makofi.

Lakini jua lilikuwa limevuka kichwa. Simu ya Asekenye ililia. Alikuwa Nerima, akinong'ona kwamba wazee wameshaketi na baba yake anatazama barabara. Asekenye alimwambia wako njiani. Alipoikata simu aliomba msamaha kwa Mungu kwa neno hilo, kwa sababu njiani kwenyewe walikuwa hawaendi popote.

Alirudi kwenye injini; Wabwire alikuwa amerudisha paipu ya chini, amejaza maji na kuiwasha tena. Maji ni ya moto ndani, radieta ni wazi, pampu inasukuma, na chini ni baridi. Basi maji yanakwenda wapi? Alifuata kwa mkono, paipu kwa paipu, kama alivyofundishwa, akigusa kwa nyuma ya vidole. Paipu kubwa ya juu ilikuwa na joto la wastani. Paipu ya chini ilikuwa baridi. Halafu vidole vyake vikagusa kipaipu kifupi, cha pembeni, kinachotoka karibu na hedi na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Alitoa mkono haraka na kuuweka mdomoni. Kile kilikuwa kaa la moto.

Alisimama wima. Mtu aliyefanya biashara Busia na Malaba maisha yake yote hawezi kuona kitu kama kile asikitambue.

"Maji yamepita panya," alisema.

Watu walimtazama. Akaeleza huku akionyesha kwa kidole kilichoungua. Radieta ni kama forodha: maji yote yanatakiwa kupita pale, yakaguliwe, yapoe, ndiyo yarudi. Lakini yameona kichochoro cha pembeni, kifupi, hakina foleni, na yote yanakimbilia humo, yanarudi kwa injini na joto lao lile lile. Njia ya panya. Wakala wa forodha mwenye viatu vilivyolowa alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeielewa njia hiyo. Mganda alisema nyabo, umemaliza.

Wabwire alikuwa amelishika gunia lake kifuani. Asekenye alimtazama, akakumbuka yale mambo aliyosema amelifanyia lori bila kuambiwa.

"Wabwire. Themostati iko wapi?"

"Nilitoa, mama."

"Ukaipeleka wapi?"

"Ilikuwa imekwama, nikaing'oa na bisibisi, ikavunjika." Akalikunja gunia. "Mama, gari yote ya hapa border mimi huwa natoa. Kila fundi anatoa. Si hii ni mahali pa joto? Ile kitu ni ya kwa baridi, ya kufunga maji. Nikasema nimfanyie marehemu mzee favour, gari yake isichemke."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa nusu ya mafundi waliosimama pale walikuwa wamefanya hivyo hivyo, na magari mengine huvumilia. Hili halikuvumilia. Kile kifaa kidogo cha shaba, injini ikishapata moto, kilikuwa na kazi mbili: kufungua njia ya kwenda radieta, na kwa tako lake kuziba ile njia ya panya. Kikitolewa, mlango wa panya hubaki wazi mchana kutwa.

Asekenye alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi. Alimwona Wabwire, jasho limemtiririka mpaka kwenye mkanda, na akakumbuka kwamba huyu kijana hakutafuta wa kumsifu alipolisukuma lori kutoka kwenye mavi ya kuku. Alifanya kwa upendo, vibaya. Akamwambia tu aende maduka ya spea, mbio, na Mganda akampeleka kwa boda boda. Walirudi mikono mitupu. Kwa injini ya umri ule, walisema, ni kuagiza, labda Jumanne.

Jumanne lilikuwa neno la kuchekesha. Asekenye alilisikia likipita karibu na masikio yake kama nzi. Njia ya panya ikiwa wazi na huna askari wa kuilinda, unafanyaje? Unaiziba. Ng'ambo ya barabara mzee mmoja alikuwa akiuza mipini ya majembe. Asekenye alivuka, akachagua mpini wa mti mgumu, mkavu, akaukata kipande kwa panga na kuanza kukichonga, ncha nyembamba, kitako kinene, akikipima na kukichonga tena. Wabwire alishafungua klipu na kukitoa kile kipaipu. Alikichukua kile kizibo mikononi mwa Asekenye bila kuambiwa, akakifunga utepe wa mpira wa tyubu aliokatiwa na mwendesha boda boda, akakisukuma ndani ya paipu na kukigonga kwa kitako cha nyundo mpaka kikakataa kwenda zaidi. Akarudisha paipu mahali pake. Akafunga klipu kwa nguvu ya mtu anayefunga aibu yake mwenyewe.

Walijaza maji. Wabwire aliwasha. Mganda aliomba kila mtu anyamaze, na ajabu ni kwamba Busia ilinyamaza.

Asekenye alipiga magoti mbele ya lori, kiganja kwenye sehemu ya chini ya radieta. Baridi. Alianza Salamu Maria. Bado baridi. Aliendelea, na alipofika utuombee sisi wakosefu alihisi kitu. Kwanza alidhani ni mkono wake. Kisha joto likaja lenyewe, polepole, likapanda kwenye kiganja kama pumzi ya mtoto aliyelala. Radieta ilikuwa inapata moto kule chini, pale inapopaswa kupata moto. Aliita watu waje waguse, na watu walikuja wakagusa, mmoja mmoja, kama wanaopokea komunyo. Ndani ya lori mshale ulipanda mpaka katikati, ukasita, ukabaki hapo.

"Pakia watu," alimwambia Wabwire. Hakukuwa na watu wa kupakia isipokuwa yeye mwenyewe, lakini alisema hivyo, kwa furaha, kama alivyokuwa akisema Odeke.

Boda boda zilifungua njia. Zilitangulia zikipiga honi, zikawaambia trela zisogee, ng'ombe wa harusi wanapita, na dereva wa trela moja ndefu kuliko zote alirudi nyuma kidogo ili wapite, jambo ambalo Busia haijui kulifanya. Walitoka mjini jua likiwa limeanza kuinamia Uganda. Barabara ya Port Victoria ilinyooka, kisha vilima vya Samia vikaja, na Wabwire alishusha gia. Injini ililia kwa kazi. Asekenye hakutazama barabara. Alitazama mshale. Ulisogea upana wa unywele, akashika rozari. Ulisogea tena. Kilimani juu upepo ulitoka ziwani ukawapiga usoni, na mshale ukarudi katikati kana kwamba haukuwahi kufikiria vingine. Wabwire aliachia kicheko kile chake kikubwa, cha kwanza tangu Busia, na Asekenye akacheka mpaka machozi yakatoka. Sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko, na hakuyafuta.

Walipoingia kwa Wandera, jua lilikuwa bado juu ya migomba, manjano lakini zima. Wazee walikuwa wameshaanza kutafuta fimbo zao ili waondoke. Walizirudisha chini. Ochom alifungua mlango wa nyuma kwa mikono yake mwenyewe, ubao ukawekwa, na Mweupe akawa wa kwanza kuteremka. Miguu yake ilipogusa uwanja, Ochom alivua kofia. Waliofuata walishuka nyuma yake, na wazee wakawazunguka wakiwataja rangi na pembe, wakibishana kwa raha. Nerima alikuwa dirishani ingawa hakutakiwa kuonekana. Hata mashangazi walipiga vigelegele, wa kwanza kidogo, waliofuata zaidi.

Mzee Wandera hakuwaendea ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja kwa Asekenye, aliyekuwa bado amesimama kando ya pua ya lori, gauni lake la kanisani limejaa oili na masizi, kitambaa cha kichwa kimegeuka cha kufutia kijiti. Asekenye alimnyooshea kifundo cha mkono, kama mtu anavyofanya viganja vikiwa vichafu.

Wandera alikipita kifundo akaushika mkono wote, uchafu na vyote, akaushikilia.

"Mulembe, Odeke," akamsalimu kwa lugha ya kwao, yaani amani.

"Mulembe, mzee," Asekenye akaitikia kwa niaba ya kaka yake. "Tumefika."